Nilitaka sheria, naambiwa niombe uuguzi: je, nitakuwa nesi mzuri?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19, niko Kahama, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Nilipata Kiswahili B, Kiingereza C, Historia C, Uraia C, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D na Hisabati F. Tangu darasa la sita nasema nitakuwa mwanasheria. Sikuchaguliwa kidato cha tano, na ada ya shule binafsi hatuiwezi. Mama anataka niwe mwalimu kama yeye. Shangazi yangu ni mhudumu wa afya, anasema niombe uuguzi kwa sababu alama zinaruhusu na ajira ipo. Naogopa kushika wagonjwa wakati haikuwa ndoto yangu. Naomba kujua, wewe na manesi wenzako mlitaka kuwa nini kabla ya uuguzi? Na aliyeingia kwa kukosa alichotaka anaweza kuwa nesi mzuri?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka 11, na huu ni mwaka wa 14 nafundisha chuo cha uuguzi. Kila darasa la mwaka wa kwanza linapoanza nawagawia nusu karatasi, kisha naandika ubaoni: "Kama usingekuwa hapa, ungekuwa wapi?" Hawalazimiki kuandika majina. Karatasi zote ninazo, kwenye bahasha za kaki kabatini. Wanaoandika kwamba walitaka uuguzi tangu utotoni wapo, na nawafurahia, lakini hawajawahi kuwa wengi. Jibu linaloongoza kila mwaka ni daktari. Linafuata mwalimu. Baada ya hapo wanatawanyika: askari, mhasibu, mtangazaji wa redio, rubani, mwanasheria, sista wa kanisa, fundi cherehani. Mmoja aliandika "dereva wa malori ya Kongo". Leo yuko chumba cha upasuaji, na madaktari wanagombea awe kwenye zamu yao.

Mimi nilitaka uhasibu. Baba alikuwa na duka la mazao, na tangu nikiwa darasa la tano daftari la madeni lilikuwa mikononi mwangu. Nilipenda ukurasa unapokubali, unapojumlisha huku na huku namba zikasalimiana. Nafasi ya biashara sikupata, mjomba akanijazia fomu ya uuguzi. Miezi ya kwanza nililia sana, na kilichoniliza hakikuwa damu. Kilikuwa kutandika vitanda. Tulifundishwa kukunja kona ya shuka mara hamsini, nami nikawaza: hiki ndicho nilichosomea miaka kumi na moja?

Mwaka wa pili nikapelekwa wodi ya wanaume. Palikuwa na mzee mmoja ambaye kila alichokunywa na kila alichokojoa kilitakiwa kuandikwa kwenye karatasi yake, mililita kwa mililita. Nilipokabidhiwa zamu nilikuta mahali pa mkojo pameandikwa "anakojoa vizuri", mara mbili, bila namba. Kwa mtoto wa duka hiyo ni sawa na kuandika "amelipa vizuri". Nikachukua chombo cha kupimia nikaanza upya. Kufikia asubuhi iliyofuata zilikuwa zimeingia mililita 2,100, uji na chai na dripu vyote pamoja, na zimetoka 350. Nikampelekea sista wa zamu, naye akampigia daktari. Figo za mzee zilikuwa zinakwama. Hakuna aliyenipigia makofi, na nilirudi kutandika vitanda kama kawaida. Lakini nilijua kwamba yule binti wa daftari la madeni sikuwa nimemwacha dukani, nilikuja naye.

Usidhani hilo ni la kwangu peke yangu. Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo tunayoiadhimisha kama Siku ya Wauguzi Duniani, alizaliwa mwaka 1820 katika familia tajiri ya Uingereza iliyoona uuguzi ni aibu. Binti huyo alipenda hesabu kupita kiasi. Mwaka 1854 alipelekwa na wenzake 38 kuuguza askari huko Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, wakati wa vita vya Crimea. Watu wanamkumbuka kwa taa aliyopita nayo usiku wodini. Mimi namkumbuka zaidi kwa alichofanya baadaye: alikaa na takwimu za vifo, akachora mchoro wa duara wa rangi ulioonyesha wakubwa wa serikali kwamba askari wengi walikufa kwa magonjwa ya uchafu na msongamano kuliko kwa risasi. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Alipofungua shule ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas mwaka 1860, hesabu zake zilikuwa zimemtangulia.

Kwa hiyo ninapozisoma zile karatasi, jina la kazi huwa silitazami sana. Namuuliza mwanafunzi: ulipokuwa unaota, ulijiona unafanya nini? Mikono yako ilikuwa inashika nini, na nani alikuwa mbele yako? Hapo ndipo majibu yanaachana.

Wachukue waliotaka udaktari, kwa sababu ndio wengi na ndio wanaoumia zaidi. Nikiwauliza hivyo, wapo wanaosema: nilijiona nimesimama kitandani kwa mgonjwa, namuuliza unajisikiaje, kesho naona amekaa, keshokutwa anatembea. Huyo mwanangu namwambia hajakosa kitu. Daktari anapita raundi asubuhi, anaandika, anakwenda wodi nyingine, na kazi yake ni kubwa. Anayemwona mgonjwa akigeuka rangi saa tisa usiku ni nesi. Wapo wengine wanaosema: nilijiona natafuta ugonjwa, nasoma picha na vipimo, naamua ni nini na nini kifanyike. Huyo ana njaa ya uchunguzi na uamuzi, na akija kwetu atakuwa anachungulia dirisha la jirani maisha yake yote. Ninamshauri mapema akaombe utabibu, kozi ya stashahada ya wanaochunguza na kutibu wagonjwa.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi, na linawagharimu miaka. Mwenye Stashahada ya Utabibu mwenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 na kuendelea, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza, anaweza kuomba shahada ya udaktari. Stashahada ya Uuguzi inakupeleka kwenye Shahada ya Uuguzi, na mbele zaidi kwenye ubobezi wake: Muhimbili, kwa mfano, kuna shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, ya afya ya akili, ya ukunga na afya ya wanawake. Ni ngazi ndefu na nzuri, lakini ni ngazi ya nyumba nyingine. Nimefundisha vijana wenye akili walioingia uuguzi wakidhani ni daraja la udaktari, wakagundua mwaka wa tatu. Nisingependa mtu mwingine agundue hivyo.

Wala usidanganywe kwamba tofauti ni mshahara. Mwenye stashahada akiajiriwa serikalini, awe Afisa Muuguzi Msaidizi, Tabibu au Mteknolojia Maabara, anaanzia ngazi ile ile ya mshahara wa watumishi wa afya, TGHS B. Chagua kwa kazi yenyewe.

Sasa wewe na sheria yako.

Kwanza nikuondolee jambo moja ambalo shangazi, kwa upendo wake, hakukwambia. Mlango wa sheria haujafungwa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto kinafundisha sheria ngazi ya cheti na stashahada, na wanaoanza na cheti ni watu wenye ufaulu wa kidato cha nne kama wako. Kutoka stashahada unaweza kuendelea na shahada, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) ukitaka uwakili. Ni safari ndefu kuliko ya aliyepita kidato cha sita, lakini ipo na watu wameifikisha mwisho. Nakuambia hivi ingawa mimi ni mwalimu wa uuguzi na ningependa uje kwetu. Nataka ukija, uje ukijua ulikuwa na pa kwenda kwingine.

Pili, jiulize lile swali langu. Ulipojiona mwanasheria tangu darasa la sita, ulikuwa unafanya nini? Kama ulijiona mbele ya watu, unajenga hoja, upande wa pili unajibu, unaivunja hoja yao na watu wanakusikiliza, nenda Lushoto. Uuguzi utakunyamazisha. Siku nyingi hatusemi kitu cha kusikilizwa na watu zaidi ya wawili.

Lakini kama ulijiona umesimama badala ya mtu asiyeweza kujisemea, basi hebu nikuonyeshe kazi yetu kwa upande huo. Mama yuko leba, uchungu umemzidi, anapewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, na mikono inatetemeka. Anayeinama pale na kumwambia kwa Kisukuma au kwa Kiswahili cha nyumbani ni nini kitakatwa, kwa nini, na kwamba ana haki ya kuuliza, ni nesi. Au ni saa nane usiku, mgonjwa anabadilika, daktari wa zamu amechoka, yuko upande mwingine wa hospitali. Ukimpigia ukasema "mgonjwa hayuko vizuri" atakwambia endelea kumwangalia. Ukisema "mapigo 128, presha 80 kwa 50, tangu saa sita amekojoa mililita 20", atavaa viatu. Huo ni ushahidi, mwanangu, na umeuwasilisha. Mara nyingine utampigia mara ya tatu, sauti itakuwa kali upande wa pili, nawe utashikilia hoja yako kwa heshima mpaka aje. Nimeona wauguzi wenye ujuzi wa mikono wakishindwa hapo tu, kwa woga wa kupiga simu ya tatu.

Na kuna maandishi. Wodini tuna msemo kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Mama anapokuwa kwenye uchungu tunajaza patografu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, nguvu ya uchungu kila nusu saa, kufunguka kwa njia kila saa nne, pamoja na saa ya kila dawa aliyopewa. Ikitokea mama akafariki, na Mungu aepushe, kifo hicho hujadiliwa na jopo, na faili linasomwa mstari kwa mstari. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Kuna pengo la saa mbili kwenye patografu ambalo nalikumbuka mpaka leo. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema nini kilitokea katika saa hizo, hata aliyekuwepo. Mtu mwenye akili ya kisheria haachi pengo kama lile. Ningependa wauguzi wengi zaidi wenye akili hiyo.

Kuhusu ualimu wa mama yako nitasema kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Aliyetaka ualimu hapotezi chochote kwetu, maana kliniki ya mama na mtoto ni darasa linalojaa kila asubuhi. Kumfundisha mama wa mtoto njiti kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, tunavyoita kangaruu, kunahitaji mwalimu halisi. Na muuguzi wa Marsabit, Kenya, Anna Qabale Duba, alijenga shule kijijini kwake wanakosoma watoto na watu wazima. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster Guardians kule Dubai. Mama asihuzunike.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nichelewe kujibu. Aliyeingia kwa kukosa alichotaka anaweza kuwa nesi mzuri? Anaweza, mimi ni mmoja wao. Lakini anaweza pia kuwa nesi mbaya sana, na nitakueleza nilivyoona inavyotokea.

Wa kwanza ni yule aliyekuja kwa ajira tu. Huyu kwa kawaida hadhuru mtu, anachoka tu. Nilikuwa na kijana aliyefaulu mitihani yote, lakini wodini alisimama mlangoni mikono mfukoni akisubiri kuitwa. Alipoondoka mwaka wa pili tulikaa naye tukazungumza vizuri. Ana duka la simu sasa, na ananiuzia chaja kwa bei ya ndugu.

Wa pili ndiye ninayemhofia. Ni yule aliyekosa udaktari au kingine, na hakuwahi kulimaliza lile jambo moyoni. Ameingia nalo wodini kama kidonda kilichofungwa bila kusafishwa. Anaona anastahili zaidi ya hapo alipo, na mtu wa karibu zaidi wa kumlipisha ni mgonjwa. Unajua wananchi wanavyolalamika kuhusu lugha mbaya ya manesi, hasa leba. Sababu ni nyingi: uchache wetu, mama sita kwa nesi mmoja, zamu zinazofuatana, uchovu wa kweli. Sitaki kuwabebesha wenzangu mzigo usio wao. Lakini nimefanya kazi pamoja na dada mmoja aliyekuwa na mikono ya dhahabu, anapata mshipa wa kichanga kwa jaribio moja, na mdomo wake uliwaliza akina mama kila usiku. Siku moja, tukinywa chai alfajiri, aliniambia darasa lake la sekondari lilitoa madaktari wanne, na yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha Kemia. Alikuwa na miaka 19 kazini wakati huo. Nilitamani mtu angemuuliza wakati ana umri wako.

Kwa hiyo kama utaacha sheria, iache kwa kuilia. Zungumza na mama, zungumza na shangazi, waambie wazi kwamba unaacha kitu ulichokipenda. Usiifungie ndani ukavaa sare juu yake.

Sasa mambo ya kushika mkononi. Kwa alama zako unaruhusiwa kuomba Stashahada ya Uuguzi na Ukunga: zinatakiwa angalau pasi nne za masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na unazo. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayosaidia, si kikwazo. Soma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, wa mwaka utakaoomba, usitegemee wa mwaka jana. Masomo ni miaka mitatu, kisha kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni huruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi. Kuhusu ada, mikopo ya wanafunzi wa stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kwa baadhi ya fani, na kozi kadhaa za afya zimo lakini si zote, kwa hiyo uliza Bodi ya Mikopo mapema kama uuguzi umo.

Ile F ya Hisabati nayo usiipuuze. Chuoni itakuruhusu kuingia, lakini wodini tunapiga hesabu kila zamu. Daktari ameandika lita moja ya maji iishe kwa saa nane, na mrija wako unatoa matone 20 kwa mililita. Yaingie matone mangapi kwa dakika? Ni mililita 1,000 mara 20, ugawe kwa dakika 480: karibu matone 42. Kwa mtoto mchanga, kukosea nukta moja ni kumpa dawa mara kumi. Hesabu zenyewe ni za darasa la saba, ila zinataka mtu asiyezikimbia. Tafuta daftari uanze kuzifanya kuanzia sasa, hata kabla hujaamua.

Na kabla ya dirisha la udahili kufungwa fanya jambo moja. Mwombe shangazi akuombee ruhusa kwa mganga mfawidhi wa kituo chake ukae siku nzima ya kliniki ya watoto, siku ya chanjo, kuanzia akina mama wanapopanga foleni mpaka nesi anapomaliza kujaza rejista na kufunga boksi la chanjo. Usiangalie sindano. Mwangalie nesi anapofika kwa mama wa arobaini, jua limewaka, mtoto analia, na mama anauliza swali lile lile ambalo wengine thelathini na tisa wameshauliza. Jiangalie na wewe: unataka kuondoka, au unataka kumjibu?

Ukikuta unatamani kumjibu, niandikie tujaze fomu pamoja. Ukikuta unatamani kuondoka, niandikie vilevile, nitakuelekeza namna ya kuomba Lushoto.